Kifaa Kinachokiri Kosa Lake

Ukitaja GPS mjini Eldoret, wengi hutupa macho kwenye kifundo cha mkono. Huku ni kwa wakimbiaji, na alfajiri barabara za vumbi za Kaptagat na Iten hujaa watu waliovaa saa zinazopima mwendo kwa msaada wa setilaiti. Saa hiyo humjibu mwanariadha maswali mawili: amekwenda umbali gani, na kwa kasi ipi. Mchezaji wa jiokashi ana swali jingine. Mtu asiyemjua ameficha kopo dogo chini ya jiwe au ndani ya shina lenye uwazi, akamwachia namba mbili peke yake, latitudo na longitudo, naye anataka kujua kama hapa aliposimama ndipo. Kwa swali hilo kuna kifaa chake: kipokezi cha GPS cha mkononi, kinachoenea kiganjani, chenye vitufe vichache na betri mbili. Nataka kukisifu kifaa hicho, na zaidi ya kifaa, ustadi wa mtu anayekichagua kwa kufikiri na kukitumia kwa subira.

Mchezo wenyewe una tarehe ya kuzaliwa. Hadi mwaka 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyoachiwa raia, hata kipokezi kizuri kikaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uvurugaji huo unakoma, na usiku ule ule ukazimwa. Mnamo Mei 3, Dave Ulmer alifukia nusu ya ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali pale. Siku chache baadaye Mike Teague akawa ameipata. Tazama mfuatano huo vizuri. Setilaiti zilikuwapo tangu zamani, vipokezi vilikuwa madukani, na ndoo za plastiki hazijawahi kuadimika. Kilichobadilika ni ukubwa wa kosa. Katika duara la mita 100 huwezi kutafuta ndoo iliyofichwa. Katika duara la mita 10 unaweza. Jiokashi ni mchezo uliozaliwa kosa lilipopungua, na hadi leo mchezaji hodari ni yule anayelielewa kosa lililobaki.

Kosa hilo hutoka wapi? Setilaiti za GPS zinazofanya kazi ni takriban 31, nazo huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja hutangaza bila kukoma mahali ilipo na saa yake. Kipokezi mkononi mwako hakitumi chochote. Kinasikiliza tu, kinapima muda ambao tangazo limechukua kufika, kisha kinaugeuza muda huo kuwa umbali. Zinahitajika setilaiti nne, kwa kuwa pamoja na kutafuta latitudo, longitudo na kimo, ni lazima pia kuisahihisha saa ya kipokezi chenyewe, ambayo ni ya bei rahisi. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, wimbi husafiri sentimita 30. Basi ucheleweshaji mdogo kabisa njiani, au mwangwi mdogo kutoka kwenye mwamba, unatosha kukuhamisha mita kadhaa. Ndiyo maana kifaa cha kweli hakikupi namba mbili tu. Kinakupa na ya tatu, ile yenye alama ya kujumlisha na kutoa: mita 3, mita 5, mita 12. Ni makadirio ya kosa lake chenyewe. Anayeanza huiruka namba hii kwa sababu haionekani kumwelekeza popote. Mimi nasema ndiyo ya kutazamwa kwanza, na kwamba kipokezi kichaguliwe kwa kuuliza ni makosa gani ya mahali unapoishi ambayo kitakuwezesha kuyaona na kuyapunguza.

Eldoret ina makosa yake, nayo ni tofauti na yale ya Oregon.

Anza na msitu. Ndani ya Kaptagat, chini ya misipresi na misonobari iliyopandwa kwa karibu, anga huonekana vipande vipande. Majani yaliyolowa hunyonya mawimbi, na kuanzia Aprili mvua ya alasiri katika Uasin Gishu haikosi kuyalowesha. Hapo ndipo antena hujipambanua. Vipokezi vya jamii ya Garmin GPSMAP 64 vina antena nene inayochomoza juu kama kidole gumba, nayo hushika mawimbi vizuri kifaa kikiwa kimesimama wima. Jamii ya eTrex ina antena bapa iliyofichwa ndani ya bamba, na hupenda kulazwa, uso ukitazama mbingu. Wengi hulaumu kifaa kumbe wamekishika vibaya. Ukijua antena yako ni ya aina gani, mkono wenyewe hujifunza namna ya kukibeba.

Kisha uende Iten, usimame kwenye ukingo wa Elgeyo. Juu pale, kwenye kimo cha karibu mita 2,400, anga lote ni lako. Ukishuka barabara ya Tambach kuelekea Bonde la Kerio, unateremka zaidi ya mita 1,000, na ukuta wa mwamba unakufungia upande mzima wa magharibi. Setilaiti zote za upande huo zinapotea. Nyakati za vipokezi vya kwanza vilivyosikiliza GPS ya Marekani pekee, mtu aliyekuwa chini ya ukuta kama huo aliweza kubaki na setilaiti nne dhaifu, zote zimejikusanya upande mmoja wa mbingu. Leo kuna GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina. Kipokezi kinachosikiliza mitandao miwili au zaidi hubaki na setilaiti za kutosha hata nusu ya anga ikizibwa. Kwa mtu wa Eldoret anayetaka kucheza bondeni, hilo si jambo la anasa. Vilevile kwenye mteremko huo ndipo altimita ya barometa inapostahili bei yake. Kimo kinachotokana na setilaiti huyumba kuliko mahali pa mlalo, na njia mbili zinazopishana kwenye ramani zinaweza kuwa na mita 80 za jabali katikati yake.

Kosa la tatu ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa kuwa halionekani na ni letu hasa. Kabla ya kutufikia, wimbi hupita katika ayonosfia, tabaka la hewa ya juu iliyochajiwa na mwanga wa jua. Tabaka hilo hulichelewesha wimbi, na karibu na ikweta ndipo lilipo zito na lenye vurugu. Jua likishatua, mapovu ya hewa nyepesi huweza kupanda ndani yake na kufanya mawimbi yatetemeke, hasa karibu na Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Eldoret iko takriban kilomita 57 tu kaskazini mwa ikweta. Na wanasayansi wanalijua anga letu: katika Chuo Kikuu cha Moi, huko Kesses, kulisimikwa kipokezi cha kudumu kinachotambulika kwa herufi MOIU, na data zake zimetumiwa katika tafiti za ayonosfia ya ikweta. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba elimu inayomfaa mchezaji wa jiokashi imechumwa kwenye anga la Kesses, juu ya mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Marekani wana mfumo wa kusahihisha kosa hilo, WAAS. Ulaya wana EGNOS. Hakuna kati ya hiyo miwili uliojengwa kwa ajili ya anga letu. Sehemu hiyo ikiwa imewashwa kwenye kifaa chako, izime uokoe betri. Kinachotufaa sisi ni vipokezi vinavyosikiliza kila setilaiti katika masafa mawili. Ayonosfia huyachelewesha masafa hayo kwa viwango tofauti, na kipokezi kikilinganisha hivyo viwili kinaweza kukokotoa ucheleweshaji na kuuondoa. Garmin waliuweka uwezo huo katika GPSMAP 65s, iliyotoka mwaka 2020. Wanaoandika mapitio ya kifaa hicho kutoka Ulaya na Marekani hukisifu kwa majengo marefu na makorongo. Kwetu sifa yake ya kwanza ingekuwa anga lenyewe.

Kosa la nne ni la binadamu, na linapita yote niliyoyataja. Ramani za kipimo cha 1:50,000 za Survey of Kenya, zile za karatasi zenye mistari ya vilima ambazo bado ni hazina, zimejengwa juu ya datamu iitwayo Arc 1960. Setilaiti hutumia nyingine, WGS84. Datamu ni makubaliano juu ya umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu, na makubaliano hayo mawili hayapatani: namba ile ile hukupeleka mahali palipotofautiana kwa karibu mita 300, hasa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mtu anaweza kusoma namba kwenye karatasi kwa uangalifu wote, akaziingiza kwenye kipokezi chenye kosa la mita 3, na akapotea kwa mita 300 huku skrini ikimhakikishia kwamba yuko sawa. Vipokezi vingi vya mkononi vinakuruhusu kuchagua datamu. Kabla ya kununua, fungua orodha ya mipangilio uone kama Arc 1960 imo. Programu nyingi za simu hazikuulizi kabisa.

Liko pia suala la herufi moja. Katikati ya Eldoret ni takriban latitudo 0° 31' Kaskazini, longitudo 35° 16' Mashariki. Andika Kusini badala ya Kaskazini, na mshale utakuelekeza umbali wa zaidi ya kilomita 110, upande wa Kericho. Watu wa Ulaya hawana hatari hiyo. Sisi tunaoishi kwenye kiuno cha dunia tunatakiwa kuitazama herufi kila mara.

Lakini kiuno hicho kinatulipa. Hapa dakika moja ya latitudo na dakika moja ya longitudo zinakaribia kulingana, kila moja karibu kilomita 1.85. Kule Oregon alikofukia Ulmer, dakika ya longitudo ni kilomita 1.3 tu, kwa sababu mistari hiyo hubanana kadiri unavyokwenda kuelekea ncha za dunia. Jiokashi huandikwa kwa dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta, na kwetu kila tarakimu ya mwisho ni sawa na karibu mita 1.85, kaskazini au mashariki, haijalishi. Ni hatua mbili hivi za mtu mzima. Mchezaji wa Eldoret anaweza kusoma namba za kopo na namba za alipo, akatoa moja kwa nyingine, akajua kichwani: hatua kumi kaskazini, hatua sita mashariki. Mwenzake wa Stockholm hawezi kuhesabu pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Ningemshauri kila anayeanza ajizoeze kutembea kwa namba tupu, mshale ukiwa umefichwa, mpaka tarakimu zianze kuhisika miguuni.

Je, simu haitoshi? Kwa kuanza, inatosha. Simu nyingi za leo husikiliza mitandao kadhaa ya setilaiti, na mtu anayetaka kuonja mchezo hana haja ya kutumia pesa. Shida huja mvua ikinyesha na skrini ya kugusa ikaanza kuitii mvua badala ya kidole, au saa nane mchana pale Sergoit, jua likiwa kali na kioo kikawa cheusi. Huja betri ikiisha mbali na umeme, na ndiyo hiyo ulitegemea kumpigia mtu wa kukuchukua. Kipokezi cha mkononi hakihitaji bando wala mnara. Kina vitufe vinavyobonyezeka hata kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya Timboroa, na hutumia betri za AA, ambazo kioski chochote cha Burnt Forest au Iten kinauza. Hilo la mwisho nalithamini kuliko skrini ya rangi. Usisahau tu kuambia kifaa ni betri za aina gani umeweka, za kawaida au za kuchajiwa, la sivyo kitakudanganya kuhusu kiasi kilichobaki.

Kuhusu aina zenyewe, nitasema ninavyoona. eTrex 10, ile ya manjano iliyotoka 2011, ina skrini isiyo na rangi na haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, lakini inasikiliza GPS na GLONASS, hudumu takriban saa 25 kwa betri mbili, na inahifadhi maelezo ya makopo unayotafuta. Imefundisha wengi. eTrex SE ya mwaka 2023 inasikiliza mitandao yote minne na ina dira ya kielektroniki, ila haina ramani. eTrex 22x ina rangi, nafasi ya kadi na uwezo wa kubeba ramani, ila haina dira hiyo. Mshale wake unajua unakoelekea pale tu unapotembea, na ukisimama unaanza kuyumba. Anayeanza huchanganyikiwa na jambo hilo kuliko jingine lolote. 32x ina dira na altimita ya barometa. Ukinunua yoyote yenye nafasi ya kadi, weka ramani ya Kenya inayotokana na OpenStreetMap, ile ramani ya wazi ya mtandaoni, ambayo wahisani huitayarisha bure kwa vifaa vya Garmin.

Ramani hiyo ina historia ambayo Mkenya anapaswa kujivunia. Mwaka 2009, Kibera ilikuwa kama haipo kwenye ramani za wazi za mtandaoni. Katika mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, vijana wa mtaa wenyewe walikabidhiwa vipokezi vya mkononi, wakafunzwa, wakatembea kichochoro kwa kichochoro wakiweka alama kwenye vituo vya maji, vyoo, zahanati na shule. Walikuwa wanaoanza, kama huyu ninayemwandikia. Kosa la mita kadhaa halikuwazuia, kwani walijua wanachokitafuta kwa macho.

Ukipata kifaa kilichotumika, nacho kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha bei hiyo hiyo, fungua mlango wa betri kwanza. Ute mweupe au kijani kwenye vyuma ni dalili ya betri zilizovuja. Kisha kiwashe nje, mahali pa wazi, na usikate tamaa haraka. Kipokezi kilicholala miezi mingi hukusanya upya kalenda ya setilaiti, na tangazo zima la kalenda hiyo huchukua dakika 12 na nusu. Mwisho tazama tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza sifuri, na mara ya mwisho ilianza sifuri Aprili 6, 2019. Kifaa cha zamani kisichosasishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mahali kinaweza kupataja sawasawa, ila kumbukumbu zako zote zitakuwa na tarehe potofu.

Sasa uko msituni na skrini inasema zimebaki mita 8 hadi kwenye kopo. Hapa watu wengi huanza kuzunguka, macho yameganda kwenye mshale unaobadili nia kila sekunde. Fundi husimama. Anakumbuka kwamba aliyeficha naye alikuwa na kosa lake, labda mita 4, na yeye ana mita 4 zake, na hizo mbili zinaweza kujumlishana. Anarudi nyuma mita 30, anapakaribia tena polepole kutoka upande mwingine, anaona mistari miwili inakatana wapi. Kisha anateremsha kifaa na kutazama: jiwe lililogeuzwa, kuvu iliyokatika kwenye gome, vijiti vilivyolala sambamba kuliko upepo unavyoweza kuvilaza. Na zamu yake ya kuficha ikifika, haandiki namba ya kwanza anayoiona. Anakilaza kifaa pale pale, anawasha sehemu ya kupiga wastani, anakiacha kihesabu, anarudi siku nyingine setilaiti zikiwa zimekaa vingine na kurudia. Usahihi huo ni heshima kwa mtu ambaye huenda hatakutana naye kamwe. Nimeona kazi za ufundi zinazolipwa vizuri zikifanywa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Heshima hiyo inadai pia ruhusa. Nchi iliyopitia bomu la Agosti 1998 na shambulio la Westgate la 2013 ina haki ya kuogopa kopo lisilojulikana mwenyewe. Tumia chombo kinachoonyesha kilichomo, andika juu yake kwa Kiswahili ni kitu gani, na kaa mbali na kambi za jeshi, kiwanda cha risasi na uwanja wa ndege, vyote ambavyo Eldoret inavyo. Ndani ya msitu wa serikali, Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ndilo lenye mamlaka ya kukupa ruhusa. Katika shamba la mtu, mwombe mwenyewe, umweleze hadi aelewe. Usichimbe.

Kwa anayeanza hapa Eldoret, hukumu yangu ni hii. Mwenye pesa kidogo achukue eTrex 10 iliyotumika, iliyo safi mahali pa betri. Mwenye za kutosha achukue 32x, kwa sababu ya dira na altimita. Anayejua kwamba ataishi na mchezo huu, na kwamba ataucheza chini ya Elgeyo na jioni jua likitua, asubiri mpaka aweze kununua 65s, maana hicho ndicho kinacholijua anga la ikweta. Na chochote utakachonunua, jioni ya kwanza kipeleke kwenye bikoni ya shamba lenu au jiwe lolote lisilohama, andika namba tatu unazoziona, na urudie kila jioni mpaka ujue kifaa chako hukosea kiasi gani na kuelekea wapi.